Kwa Mwende, Kuhusu Maji ya Moto

Umoja, Jumamosi alasiri

Mwende, mama,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa si muda mrefu, umevaa ile sweta ya kijani, unakwenda Makadara kumuaga Mama Njeri, na umesema utarudi kabla ya saa kumi na mbili. Kesho asubuhi unapanda gari la moshi kwenda Molo kuanza kazi ya uuguzi. Mambo ya blanketi, ya mafuta ya taa, ya kutotembea peke yako giza likiingia, mama yako amekuwa akiyasema tangu Jumatatu na sitayarudia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokulea. Kikamba chako ni cha kusalimia wazee tu, na Kiingereza changu ni cha kusoma vipimo vya mabomba.

Jumatano ulinionyesha barua ya yule muuguzi unayekwenda kuchukua nafasi yake. Ameandika kwamba nyumba ni ya vyumba viwili, umeme upo, na kwenye dari kuna boila kubwa la zamani la kupashia maji, lisilofanya kazi. Majirani wengine wamejenga drumu la kuni nyuma ya nyumba, na mmoja amejaribu la jua. Anasema huko baridi si mchezo. Ukaniuliza ukicheka, "Baba, si wewe ndio fundi. Nichagulie tu moja poa, nisikufe na baridi." Nikasema nitafikiria. Ukanitazama kwa mshangao, maana umezoea nikijibu maswali ya bomba kabla mtu hajamaliza kuuliza.

Kilichonifunga mdomo ni mkono wa mama yako.

Unaujua ule mkono. Unajua ngozi ilivyojikunja kutoka begani hadi chini ya kiwiko, na unajua kwamba hata Januari, jua likiwa kali, mama yako havai nguo ya mikono mifupi. Wewe na Kyalo mliambiwa ni sufuria ya maji iliyomwagika. Haikuwa sufuria, hata kama wewe uliyekuwapo ulilisikia neno hilo hadi ukaliamini. Nitakueleza ilivyokuwa, na nitajitahidi nisijipendelee.

Tulikuwa Makadara bado. Wewe ulikuwa na miaka saba, na Kyalo alikuwa hajaanza kutembea. Kila asubuhi mama yako aliwasha jiko nje ya mlango wa jikoni, akateleka sufuria kubwa, akawaogesha ninyi, akanipelekea mimi karai bafuni, kisha akaoga mwenyewe kwa kilichobaki. Mara nyingi kilichobaki kilikuwa kimepoa. Nami nilitoka hapo nikaenda kazini Lavington na Kileleshwa, kwa watu wanaofungulia bomba tu maji ya moto yakatoka, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha yanatoka. Nilifanya hivyo miaka mingi. Sikuwahi kumuuliza mama yako huamka saa ngapi kuwasha makaa.

Basi siku moja tulikuwa tunabadilisha mabomba katika nyumba ya Mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Nyuma ya gereji kulikuwa na boila lililotolewa, kubwa, la kutosha watu kumi. Akaniambia nikitaka nilichukue. Nilipata mkokoteni, nikalisukuma mwenyewe na mwenzangu mmoja hadi Barabara ya Jogoo, na kusema kweli nilipita njia ndefu ili watu walione. Pale Makadara walitoka nje kuangalia. Mama Njeri, jirani yetu wa ukuta mmoja, alisimama mlangoni na kikapu mkononi akasema, "Sasa hii ni kitu gani umeleta, Baba Mwende? Ni ya kupika pombe?" Nikasema, "Ni maji ya moto, Mama Njeri. Nduku amemaliza mambo ya jiko." Na Nduku mwenyewe, mama yako, alikuwa amesimama palepale. Sikumuuliza kama analitaka wala litakaa wapi. Yeye ndiye aliyekuwa akiyachota, akiyapasha na kuyabeba maji ya nyumba ile, lakini mimi nilijua mabomba, na kwangu kujua mabomba kulitosha.

Nililifunga bafuni, juu ya ukuta, kwa vyuma vizito. Thamostati yake, kile kidude kinachokata umeme maji yakishapata moto, kilikuwa kimekufa. Nilisema nitatafuta kingine. Kwa wakati ule niliunganisha waya moja kwa moja na swichi niliyoweka juu karibu na dari ya ukumbi, nikamwambia mama yako: washa nusu saa, zima. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za raha. Nakumbuka ulivyokuwa ukikataa kutoka bafuni, ukiimba humo ndani.

Kisha valvu ya usalama ikaanza kudondosha maji. Ni kibomba kidogo pembeni mwa tangi, na kazi yake ni kutoa maji au mvuke nguvu zikizidi ndani. Ilikuwa inadondosha ukutani, rangi ikaanza kubanduka, na mama yako akaniambia ukuta unaoza na nyumba ni ya baraza la mji, tutaulizwa. Jumamosi moja nikachukua kizibo cha chuma, nikakikaza pale hadi pakakauka kabisa. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu na Kyalo mgongoni.

Akaniuliza, "Hiyo ilikuwa inatoa nini?"

"Inapoteza maji tu."

"Kama ni ya kupoteza maji, walioitengeneza waliiweka ya nini?"

Mwende, jibu nililijua. Nilifundishwa siku ya kwanza kazini, na nimewafundisha vijana wengine. Nilijua pia kwamba valvu mpya ingehitaji nikubali mbele yake kwamba kile nilichokileta kwa mkokoteni kilikuwa kibovu. Nikamwambia, "Nduku, mimi ndiye fundi." Alinyamaza. Alikuwa akinyamaza hivyo nikimwambia hivyo, na mimi niliona kunyamaza kwake ni kukubali.

Jumapili iliyofuata hatukwenda ibada ya asubuhi kwa sababu Kyalo alikuwa na mafua. Baada ya chai niliwasha swichi bila kumwambia mtu. Kisha akaja mzee mmoja wa kanisani aliyekuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa amesikia habari za boila langu na akataka nimweleze jinsi ya kupata kama lile. Nikaenda kwake. Tulichuchumaa uani, nikachukua kijiti nikamchorea chini: hapa maji yanaingia, hapa yanatoka, hapa moto. Nusu saa ilipita, na saa nzima ikapita. Nilikuwa bado nachora.

Nyumbani, Mama Njeri alikuja akamkuta mama yako anataka kumwogesha Kyalo. Akamwambia, "Nipe huyo mtoto nimbebe. Wewe enda uoge kwanza, hujakaa chini tangu asubuhi." Akamchukua Kyalo, akatoka naye nje. Mama yako akaingia bafuni. Hakujua swichi imewashwa. Wewe ulikuwa unacheza nje na wenzako, ukaingia mbio kunywa maji jikoni, ukapita mlango wa bafu, ukafika jikoni ukachukua kikombe.

Tangi lilipasuka chini, kwenye mshono. Nilikuwa nyumba ya tatu nikasikia mlio kama wa bati linaloraruliwa, halafu mvuke. Niliujua kabla sijasimama. Nilipofika, ukumbi ulikuwa mweupe, sioni ukuta. Mama yako alikuwa ametoka mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, ameuweka ule mkono mbali na mwili kana kwamba si wake, na alikuwa halii. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake na kikombe mkononi.

Mama Njeri ndiye aliyejua la kufanya. Kuna mtu alileta mafuta ya kupikia ampake, Mama Njeri akamsukuma kando. "Toa hiyo mafuta. Maji baridi tu. Leteni maji." Akammwagia beseni baada ya beseni, na Kyalo bado yuko mgongoni kwake. Mimi nilikuwa nimesimama. Nakuandikia hili ili ulijue: nilisimama tu, hadi Mama Njeri akaniambia nitafute gari.

Hospitalini daktari msaidizi aliuliza imetokea nini. Nilifungua mdomo. Mama yako akanitangulia. "Ni sufuria," akasema. "Maji ya kuoga. Watoto wanacheza, unajua." Hakuniangalia. Daktari akaandika.

Nimeyafikiria maneno yale miaka mingi. Waya niliuunganisha bila ruhusa katika nyumba ya baraza, na mimi ni fundi mwenye cheti. Kama angesema kweli, tungefukuzwa nyumba, nami huenda ningepoteza kazi. Alipokuwa wodini niliwahi kumuuliza kwa sauti ya chini kwa nini alisema vile. Akasema, "Watoto wangelala wapi?" Akageukia upande wa ukuta.

Nilirudi nyumbani, nikalishusha tangi, nikalikata vipande Jumapili hiyohiyo, nikaziba ukuta, nikapaka rangi. Kufikia Jumatano bafu lilionekana kama halijawahi kuwa na kitu. Mama Njeri alijua kila kitu na hajawahi kumwambia mtu. Alikupikia, akakufulia sare, akakulaza kwake. Ndiyo maana sikushangaa leo ulipokataa kusafiri bila kumuaga.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo nimeizunguka kwa kurasa hizi zote.

Mama yako alikuwa bado hospitalini, wiki ya tatu. Ilikuwa asubuhi, nakutayarisha uende shule, nimepiga goti nakufunga kamba za viatu. Ukasema, "Baba, ni mimi nilimgonga mama?"

Nikakuuliza, "Nani amekuambia?"

Ukasema, "Watu wanasema watoto walikuwa wanacheza. Na mimi nilipita mbio."

Ilikuwa rahisi. Ilikuwa neno moja: hapana. Lakini nyuma ya hapana ulikuwa na maswali mengine, nilikujua, usingeachia hapo. Ungeuliza basi ni nani. Ungeuliza tangi liko wapi. Ungeuliza shuleni, na kwa Mama Njeri, na mbele ya wageni. Nikakwambia, "Vaa kiatu, mama. Usifikirie hayo, yameisha."

Ukavaa kiatu. Hukuuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Lakini nilikuona. Uliacha kukimbia ndani ya nyumba. Mama yako aliporudi ulikuwa ukimpisha mlangoni, unajibana ukutani hadi apite. Ulipofika miaka kumi ulikuwa ndiwe unayewasha jiko asubuhi na kumpelekea maji, huku ukitembea polepole na macho yako kwenye karai. Watu wakasema mtoto wa Nduku ana adabu. Ulipomaliza shule ukasema unataka uuguzi, na hasa wodi ya walioungua, kila mtu alikupongeza. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia bomba la uani. Huenda uuguzi ni wito wako na mimi najipa umuhimu nisiokuwa nao. Natumaini ni hivyo. Lakini nilikuwa na deni la neno moja kwako, nalo nakulipa leo nikiwa nimechelewa sana: hapana, Mwende. Hukumgonga mtu. Ulikwenda kunywa maji. Ni mimi.

Kama utaacha kusoma hapa, sitakulaumu. Yanayofuata ni jibu la swali lako la Jumatano, na limetoka mahali hapohapo.

Baada ya ajali mama yako alirudi kwenye jiko, na mimi sikuthubutu kutaja maji ya moto nyumbani. Kazini nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa nagusa valvu ya kila tangi, hata ambalo sikuitiwa, hadi msimamizi akaniuliza kama matangi yameniroga. Mafuta yalipopanda bei na makaa yakafuata, nilimwona mama yako akipunguza maji yake mwenyewe, si yenu. Hata hapo nilinyamaza.

Tulipohamia hapa Umoja ndipo nikajikaza. Nilikuwa na likizo ya wiki mbili. Nikamwambia mama yako nataka kutengeneza kitu cha maji ya moto, lakini safari hii yeye ndiye aseme ni kitu gani. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Wewe kaa hapa jikoni wiki moja kwanza. Usishike spana."

Nikakaa. Ukikumbuka, ulikuwa kidato cha kwanza na ulinicheka kwamba nimeachishwa kazi. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama maji ya nyumba yangu kwa mara ya kwanza. Niliona kwamba sisi wanne hatutumii hata robo ya lile tangi la Makadara. Niliona kwamba wote tunaoga ndani ya saa moja, asubuhi, na baada ya hapo maji ya moto hayahitajiki hadi jioni, isipokuwa ya vyombo. Niliona maji yakitoka jikoni yakivuka ukumbi hadi bafuni na kupoteza moto njiani. Siku ya nne mama yako aliipua sufuria iliyochemka, akaanza kuchanganya na maji baridi, akasimama katikati.

"Nimefanya hivi tangu niolewe," akasema. "Tunachoma makaa hadi maji yachemke, halafu tunayapoza ndio tuoge. Kwa nini?"

Nimefunga matangi mia na zaidi na sikuwahi kujiuliza. Mwili hautaki maji yanayochemka. Kila kinachopita kile mwili unachotaka ni makaa ya bure. Pale jikoni ndipo tulipoanza kuchagua, yeye na mimi, na tulichagua kwa kuanzia kwa mtu anayeoga, tangi likafuata mwisho.

Ndicho hicho kilicho juu ya paa letu hadi leo. Mabomba nilikunjiwa na jamaa mmoja wa karakana ya mtaa wa Baba Dogo, nikayalaza juu ya bati, nikapaka vyote rangi nyeusi, nikafunika kwa kioo cha dirisha. Juu yake drumu dogo, na mama yako ndiye aliyesema lifunikwe kama mtoto, akaenda kwa wachongaji vinyago watu wa kwetu akarudi na magunia mawili ya maranda ya mbao. Tulilizungushia maranda ndani ya sanduku la mbao. Bafu liko chini yake moja kwa moja, kwa hiyo bomba halizidi urefu wa mkono wangu mara tatu. Jua linayapasha mchana, maranda yanayalinda usiku, asubuhi yanatoka yakiwa vuguvugu ya kuogea, hayachomi mtu.

Kabla sijafungulia maji, mama yako alipanda ngazi. Hajawahi kupanda ngazi ya fundi maishani. Akaweka kiganja juu ya drumu, akaniuliza, "Yakizidi moto, yanatokea wapi?" Nikamwonyesha bomba lililo wazi juu, lisilo na valvu wala kifuniko, linaloangalia mbinguni. Akaniambia nimwonyeshe tena. Nikamwonyesha. Akaingiza kidole chake mwenyewe ndani ya tundu ahakikishe. Kisha akashuka, na ilipita miezi mitatu kabla hajaoga kwa maji yale. Sikumharakisha. Na hata alipoanza, alioga mlango ukiwa wazi kidogo, miaka mingi.

Sikudanganyi kwamba ni kitu kikamilifu. Julai mawingu yakikaa wiki nzima tunawasha jiko kama zamani, ila tunaanza na maji yaliyokwisha kupata uvuguvugu juu ya paa, na makaa yanayotumika ni machache. Kioo kimepasuka mara mbili kwa mipira ya watoto. Lakini hakijamuumiza mtu.

Kwa hiyo, Molo. Lile boila la darini liache. Ni la familia kubwa, na wewe ni mtu mmoja. Hata likitengenezwa, litapasha maji usiku kucha yakungoje, na yakipoa lipashe tena. Jua la huko si la Umoja, ukungu utakuangusha asubuhi nyingi, usilitegemee peke yake. Tangi dogo la umeme karibu kabisa na bafu, lililofunikwa vizuri, lisilopashwa kupita kiasi, linaweza kukutosha. Drumu dogo la kuni lililo wazi juu linaweza pia, kama kuni zipo na una nguvu za kuliwasha baada ya zamu. Lakini usichague kwa barua yangu. Kaa wiki moja kwanza utazame unavyoishi. Utaoga asubuhi au ukitoka zamu? Utafua nguo za kazi kwa maji ya moto? Ukipata jibu, mwite fundi. Na fundi akikwambia kwamba yeye ndiye fundi, mlipe nauli arudi kwao.

*

Nimeacha kalamu hapo, nikampelekea mama yako kurasa hizi. Nilitaka ajue kilichomo kabla sijakupa kesho stesheni, ukasome njiani. Amezisoma amesimama, kando ya dirisha la jikoni, miwani yangu usoni. Amechukua muda mrefu.

Alipomaliza ukurasa wa hospitali alisema, "Umeniandika kama malaika. Mwambie nilikuwa na hasira. Sikunyamaza kwa upendo. Nilinyamaza kwa watoto, na wewe nilikuchukia miaka sita, nikikupakulia chakula. Andika." Nimeandika kama alivyosema. Nilikuwa najua, lakini sikuwahi kulisikia kwa kinywa chake. Yeye alikuwa tayari amegeuza ukurasa.

Kisha akafika kwenye ukurasa wa viatu. Akausoma. Akarudi juu, akausoma tena.

"Mwende alikuuliza hivi?"

"Ndiyo."

"Akiwa na miaka saba. Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

Alikaa juu ya kile kigoda. Akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo, "Lile neno la watoto wanacheza nililisema mimi. Lilinitoka tu, nipate kumnyamazisha daktari. Sikujua kuna mtu amelibeba." Akatazama mikono yake. "Alikuwa anajibana ukutani nipite. Nilifikiri ananiogopa huu mkono."

Sijawahi kumwona mama yako akilia kwa ajili ya ule mkono, hata siku alipofunguliwa bandeji. Leo amelia, na nimepiga goti mbele yake nisijue nimshike wapi.

Alipopangusa uso alisema hutaisoma barua hii njiani. "Asipande gari la moshi na hii kitu iko kwa mfuko, peke yake, na watu asiowajua. Ataisoma hapa. Tutakaa naye, wewe upande huu na mimi huu. Akitaka kukufokea akufokee, nami anifokee. Kama ni kulala hatulali."

Nilimwambia labda si vizuri, usiku wa mwisho nyumbani, kukuharibia. Akanitazama, akasema, "Umesubiri miaka kumi na tano upate siku nzuri. Imekuja?"

Ameweka chai jikoni. Ameweka vikombe vitatu, na Kyalo ametumwa kwa rafiki yake hadi aitwe. Amevua sweta, Mwende. Amekaa mezani na gauni lake la mikono mifupi ambalo sijui alikuwa amelificha wapi, na mkono wake uko juu ya meza, wazi.

Nasikia lango la nje likifunguliwa, na sauti yako ukiwasalimia watoto wa jirani. Nakunja karatasi hizi sasa, naja kukufungulia mlango.

Baba yako